Majina Yabandikwe Ukutani

Hotuba kwa wakulima waliokusanyika Kimilili, kaunti ya Bungoma

Mulembe, wazee wangu. Mulembe, mama zangu. Vijana mlioegesha bodaboda chini ya mti ule mkaja kusikiliza, asanteni sana. Najua kila dakika mnayokaa hapa kuna abiria anawapita. Liguru wetu mzee wa kijiji, naibu wa chifu, mchungaji uliyetufungulia kwa maombi, nawaheshimu nyote.

Nimeombwa niongee juu ya mbolea ya serikali. Sikuja kuwafundisha kupanda. Hiyo kazi niliifanya miaka ishirini na saba nikiwa afisa wa kilimo nyanjani, kwanza hapa Bungoma, kisha Trans Nzoia, na wako hapa wanaonikumbuka nikipita na baiskeli. Leo nina swali moja. Mfuko wa mbolea ukiuzwa shilingi 2,500 na dukani ni ghali kuliko hapo, kuna mtu mwingine aliyelipa hiyo tofauti. Ni nani aliyelipa, na ni nani aliyepokea?

Aliyelipa tunamjua. Ni wewe. Ukinunua sabuni umelipa kodi, ukiweka salio kwa simu umelipa kodi, ukitia mafuta kwa pikipiki umelipa kodi. Mama anayepanga nyanya pale sokoni hana hata robo ekari, lakini mfuko ule ameuchangia. Aliyepokea ndiye hatumjui.

Tarehe 13 Septemba 2022, siku aliyoapishwa, Rais William Ruto alitangaza kwamba mifuko milioni 1.4 ya kilo 50 itauzwa shilingi 3,500 badala ya 6,500. Mwaka uliofuata bei ikashushwa tena hadi 2,500. Niseme wazi mbele yenu: mimi nilifurahi. Mwaka 2022 bei ilikuwa imetuvunja mgongo. Kuna watu hapa walipanda kwa samadi ya kuku peke yake, na kuna waliopanda bila chochote wakamwachia Mungu. Anayesema ruzuku ni kitu kibaya hajawahi kusimama mwezi wa tano katikati ya mahindi ya manjano yaliyogoma kupita goti. Kwa hiyo sipingi ruzuku. Naipenda, na kwa sababu naipenda nataka kujua inakoenda.

Pigeni hesabu pamoja nami. Tofauti ya shilingi 3,000 kwa mfuko, mara mifuko milioni 1.4. Ni shilingi bilioni 4.2, kwa tangazo moja tu la kwanza. Harusi ya hapa kijijini ikichangiwa elfu arobaini, tunasomewa nani ametoa nini, na kamati inaulizwa mpaka bei ya soda. Bilioni 4.2 hatusomewi.

Na msiambiwe kwamba daftari halipo. Mwanzoni mwa 2023 mlisajiliwa. Walikuja kwa chifu na kwa liguru, wakaandika kitambulisho chako, nambari ya simu, unalima nini na ekari ngapi. Habari zote ziliingia kwenye mfumo wa kompyuta wa wizara unaoitwa KIAMIS. Kutoka huko ndipo unapopata ule ujumbe kwa simu unaokuambia una mifuko mingapi. Kwa hivyo majina yapo, ekari zipo, na mifuko iliyotoka inajulikana imetoka kwa jina la nani. Zamani ukiuliza uliambiwa karatasi zililiwa na panya. Leo panya hayupo. Ila wewe unaona ujumbe wako tu. Ya jirani huyaoni, na jirani hayaoni yako. Katika giza hilo la katikati ndimo mtu anaweza kujiandikisha ekari hamsini ambazo hana.

Niwaambie niliyoyaona kwa macho yangu. Ilikuwa msimu wa kupanda. Nilikuwa nimepata ujumbe wa mifuko minne, nikachukua pikipiki alfajiri hadi kituo kimoja ambacho sitakitaja, kwa sababu sikuja hapa kumshtaki mtu. Nilikuwa wa kumi na sita kwenye foleni. Mbele yangu alikuwa mama mzee aliyefunga pesa kwenye ncha ya leso, fundo juu ya fundo, na kila mara alikuwa akiligusa lile fundo kuhakikisha liko. Mvua ya usiku ilikuwa imeloanisha ua wote. Saa nne akatoka mlinzi akasema mbolea imekwisha, turudi wiki ijayo.

Tukatazama chini. Kwenye matope kulikuwa na alama za magurudumu mapana, na punje za mbolea zilikuwa zimemwagika kuanzia mlango wa ghala hadi kwenye geti, kama njia ya siafu. Yule mama hakugombana na mtu. Aliinama akaanza kuziokota, punje moja moja, akizitia kwenye leso ileile. Sisi wengine tulisimama tukimwangalia. Mwishowe kijana mmoja akainama naye, kisha mimi.

Sasa sikilizeni vizuri. Lile lori huenda lilikuwa na haki yake yote. Huenda lilikuwa linapeleka mbolea kituo kingine, huenda lilikuwa la chama cha ushirika kilicholipia mapema. Lakini pale kwenye foleni kila mtu alikuwa na jina lake mdomoni. Mmoja alimtaja mwanasiasa, mwingine alimtaja mfanyabiashara wa mjini, wa tatu alisema ni karani anauzia mabroka. Ukutani hapakuwa na karatasi hata moja ya kutuambia jana ilitoka mifuko mingapi na ilikwenda kwa nani. Karani kama alikuwa mwizi, alilindwa na huo ukuta mtupu. Na kama alikuwa mwaminifu, alichafuliwa na ukuta huohuo, hana cha kujitetea nacho.

Wiki iliyofuata nilipata mbolea. Jirani yangu wa pili alikuwa ameshapanda bila, kwa sababu mvua haimngojei mtu. Sitaongeza hapo.

Wengine mtasema, mama, hata orodha ikibandikwa, mwizi ataiba tu. Nataka niwajibu kwa kitu nilichokifanya mwenyewe.

Mwaka 2007 ulianza mpango ulioitwa Kilimo Plus. Huo haukuwa wa kila mtu. Ulikusudiwa mkulima maskini, apande ekari moja. Aliyechaguliwa alipata vocha ya kilo 50 za mbolea ya kupandia, kilo 50 za mbolea ya kukuzia, na kilo 10 za mbegu ya mahindi. Kazi ngumu ilikuwa kuchagua. Katika lokesheni moja niliyokuwa nikihudumu huko Trans Nzoia nilipewa majina sitini, yameandikwa kwa hati nzuri kwenye karatasi mbili. Nikaamua niyasome kwenye baraza kabla ya vocha kutoka.

Nilianza vizuri. Nilipofika jina la kumi na tatu watu wakanyamaza. Kisha sauti ya mwanamke ikatoka nyuma: "Huyo tulimzika Januari." Nikalikata. Mbele kidogo nikasoma jina lingine, watu wakaguna, nikauliza kuna nini, mzee mmoja akasimama na fimbo yake akasema, "Mwalimu, huyo ana mashine mbili za kusaga na lori." Waliniita mwalimu, sijui kwa nini. Nikalikata. Kuna jina hakuna hata mtu mmoja aliyelijua, si baba yake, si boma lake. Nikalikata. Mwisho yalikatwa majina tisa, na watu walewale wakataja tisa wa kuwekwa mahali pao, wengi wao wajane ambao hawakuwa na mtu wa kuwapeleka kwa ofisi. Mimi nilikuwa nimesomea kilimo, nimepita kwenye mashamba yale kwa baiskeli, na sikuyajua yale. Kijiji kiliyajua, na hakikuhitaji hata saa nzima.

Na niungame jambo. Msimu wa pili tuliharakishwa, tukaambiwa muda hakuna, orodha ikaenda bila kusomwa. Nilikubali. Baadaye nilikutana na mjane mmoja njiani akaniuliza mbona mwaka huu hamkutuita barazani. Sikuwa na jibu, na swali lake limekaa na mimi mpaka leo. Ndiyo sababu nimesimama hapa.

Ukaguzi? Tunao, na nauheshimu. Katiba inamtaka Mkaguzi Mkuu atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha. Mwaka wa fedha unakwisha Juni 30. Mbolea uliyonyimwa mwezi wa tatu, ripoti yake inatarajiwa Desemba. Wakati huo mahindi yamevunwa, yameuzwa, na karo ya Januari inakaribia. Mkaguzi anasoma risiti. Hawezi kujua kwamba mwenye risiti alizikwa Januari. Mwanamke wa nyuma pale barazani anajua.

Haya mambo hayakuanza na mbolea wala na serikali hii. Mnakumbuka 2018? Bodi ya nafaka ilikuwa inanunua mahindi kwa shilingi 3,200 gunia la kilo 90, juu ya bei ya sokoni. Wakulima walilala kwenye malori nje ya maghala, wiki juu ya wiki, na wengine waliopeleka mahindi walingoja malipo miezi. Watu walipoanza kuuliza ni nani basi aliyelipwa, ikabainika kwamba wafanyabiashara wachache walikuwa wamepokea mamilioni kwa mahindi ambayo hawakuyalima. Mwezi Mei mwaka ule mkurugenzi wa bodi akajiuzulu. Angalieni: swali lililofungua mlango lilikuwa la majina. Jumla ya pesa tulikuwa tukiisikia kila siku kwa redio na haikutusaidia chochote.

Kisha ikaja 2024. Waandishi wa habari za uchunguzi walionyesha mifuko iliyouzwa kwenye mpango wa ruzuku ikiwa na changarawe na udongo badala ya mbolea. Mbunge wa hapahapa kwetu, Jack Wamboka wa Bumula, akapeleka hoja ya kumwondoa Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi. Wabunge 149 wakaiunga mkono tarehe 2 Mei. Kamati ya watu 11 ikaketi, na kwa kura saba dhidi ya nne ikasema mashtaka hayakuthibitishwa. Waziri akabaki. Mimi leo sihukumu hilo. Ninalotaka mlione ni hili: serikali iliahidi kuwafidia walionunua ile mbolea mbovu. Utamfidia nani kama hujui aliyenunua? Siku ile orodha ilikuwa kitu kizuri, orodha ilikuwa rafiki wa mkulima. Iwe basi rafiki hata siku ambazo hakuna kashfa.

Wengine huniambia Wazungu wameendelea, kwao haya hayapo. Nilipostaafu nilipata muda wa kusoma, na nikakuta safari yao inafanana na yetu kuliko nilivyodhani.

Nchi za Umoja wa Ulaya zina sera moja ya kilimo, na sera hiyo inameza karibu theluthi moja ya bajeti yote ya Umoja. Sehemu kubwa hulipwa kwa hekta: mwenye ardhi nyingi hupata nyingi. Ndiyo maana Tume ya Ulaya yenyewe imekuwa ikisema karibu asilimia 80 ya malipo hayo huenda kwa asilimia 20 ya wanaopokea. Kwa miaka mingi majina yalikuwa siri. Watu waliambiwa ni msaada kwa mkulima mdogo, wakaamini. Mwaka 2004 waandishi wa habari wa Denmark wakaomba orodha kwa kutumia sheria ya nchi yao, ikatolewa. Mwaka 2005 Uingereza ikafuata, na mwaka huohuo waandishi na watetezi wakaanzisha tovuti ya Farmsubsidy.org kukusanya orodha za nchi zote mahali pamoja.

Na mkulima mdogo alikuwa nani? Kwenye orodha ya Uingereza alikuwamo Malkia Elizabeth wa Pili, kwa mashamba yake ya Sandringham. Juu kabisa ilikuwapo kampuni ya sukari ya Tate & Lyle. Mimi niliposoma hilo niliweka kitabu chini. Nilikumbuka wakulima wa miwa wa Mumias na Nzoia, walioambiwa miaka nenda miaka rudi kwamba hawawezi kushindana na sukari ya nje kwa sababu hawafanyi bidii.

Kufikia 2009 kila nchi ya Umoja ililazimika kutangaza majina. Halafu wakulima wa jimbo la Hessen, Ujerumani, wakaenda mahakamani wakisema siri zao zimeanikwa. Tarehe 9 Novemba 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikawapa haki kwa sehemu. Haikusema umma hauna haki ya kujua. Ilisema kuanika jina la kila mtu binafsi, bila kujali amepokea kidogo au kingi, mara moja au kila mwaka, kumepita kiasi. Wakarudi mezani, na mwaka 2013 wakatunga kanuni mpya: majina yanatangazwa tena, lakini anayepokea kiasi kidogo, kisichozidi euro 1,250, jina lake halitajwi.

Hukumu ile nimeifikiria sana, kwa sababu hofu ya wale wakulima ni ya kweli hata hapa. Nimeona orodha za misaada zikibandikwa zikiwa na nambari za vitambulisho na za simu. Kabla wiki haijaisha matapeli wanapiga: "Mama, umeshinda, tuma namba ya siri." Hilo nalikataa kabisa. Nambari ya kitambulisho haina kazi ukutani. Jina, kijiji, ekari ulizosema unalima, mifuko uliyochukua. Basi.

Lakini hapo kwa mdogo ndipo ninapoachana na Ulaya. Wao wanamficha mdogo kwa kumstahi. Kwetu mdogo ndiye ambaye jina lake linaazimwa bila yeye kujua. Mwanamume mmoja wa kijiji changu hakupata ujumbe misimu miwili. Alipofuatilia akaambiwa mifuko yake sita ilishachukuliwa. Hakuwa ameigusa. Angeliona jina lake ukutani na mifuko sita kando yake, angepiga kelele siku hiyohiyo, mbolea ikiwa bado iko kwenye stoo ya mtu. Na mjane anayelima shamba ambalo simu iliyosajiliwa bado ni ya shemeji, naye ataonekana vipi kama karatasi haisomwi mbele ya watu?

Kwa hiyo ninachokiomba ni hiki. Kijijini, orodha ya kijiji isomwe barazani kabla ya kupanda, na ibandikwe kwa chifu na kwenye kituo cha mbolea. Wachache wanaochukua nyingi, tuseme mifuko 20 kwenda juu, watangazwe kitaifa, jina na wadi. Kwa mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kila ekari, mifuko 20 ni shamba la ekari 10, na hapa Kimilili mwenye ekari 10 sote tunalijua boma lake. Na jioni ya kila siku kituo kiandike ukutani mifuko iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Kwa chaki, hata kwa makaa.

Kuna watakaosema tunaleta fitina kijijini, jirani atamhesabia jirani. Wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Fitina tayari tunayo. Ilikuwa pale kwenye foleni, kila mtu na jina lake mdomoni. Karatasi ndiyo inayoweza kuimaliza.

Na hatuombi hisani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 201 kinataka uwazi katika pesa za umma. Na tangu 2016 tuna Sheria ya Kupata Habari. Unaandika barua, na sheria yenyewe inasema kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kusoma na kuandika anaweza kusema kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kumwandikia. Hutakiwi kueleza sababu. Ofisi ina siku 21 za kukujibu. Ikikataa au ikinyamaza, unaipeleka kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile wengi wanaiita ofisi ya Ombudsman, na ina tawi Kisumu.

Mimi niliandika. Ofisi sitaitaja. Siku 21 zikapita kimya. Nikaandika tena nikitaja siku na kifungu, nikapata mistari mitatu kwamba habari hizo ni za siri za wakulima. Nikajibu kwamba mimi ni mkulima, na sikuomba kitambulisho cha mtu; nipewe basi idadi ya mifuko kwa kila kijiji. Hiyo nikapewa. Na kijiji kimoja ninachokijua kwa miguu yangu, chenye maboma yasiyofika themanini, kimeandikiwa mifuko ambayo ukiigawa kwa ekari mbili za kila boma, inabaki mingi sana. Karatasi hiyo ninayo hapa mfukoni. Ni barua moja ya mama mmoja mstaafu iliyoitoa. Barua mia mbili kutoka Kimilili haziwezi kujibiwa kwa mistari mitatu.

Nimeandika mfano, ni mfupi, nawasomea: "Mimi ni mkulima wa kijiji cha, unajaza. Kwa mujibu wa kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, naomba orodha ya waliopokea mbolea ya ruzuku katika kijiji changu msimu huu, majina, ekari na idadi ya mifuko, bila nambari za vitambulisho wala za simu. Naomba pia kujua ni mifuko mingapi iliyotolewa kwa jina langu." Chini unaweka jina, sahihi na tarehe. Asiye na sahihi aweke kidole gumba; kidau cha wino kipo.

Nakala ziko kwenye meza ile ya bluu kando ya mchungaji. Kalamu ni nne na nimezifunga kwa uzi ili zisitembee. Mama mliobeba watoto mtangulie, halafu wazee. Weka nakala yako nyumbani mahali ambapo mvua haifiki, na uandike nyuma yake tarehe utakayoipeleka, ili uanze kuhesabu siku 21.